Halbadiri ya Bi Mkurugenzi

Cheo cha Alawiya hakikutosha kwenye kibao cha mlango, ikabidi fundi akiandike kwa mistari mitatu: Mkurugenzi Mkuu, Masuala ya Mazingira ya Kimataifa na ya Jamii za Asili. Watu wa Amu, yaani Lamu, ambao hawana subira na maneno marefu ya serikali, walikifupisha. Walimwita Bi Kimataifa, na msidhani walikuwa wakimsifu.

Kazi yenyewe, ukiivua mapambo, ilikuwa kusimama katikati ya watu wasiopendana. Huku wageni wa mashirika ya ng'ambo na mikataba yao ya kuokoa bahari na misitu ya dunia. Huku watu wa pwani, wa msituni na wa malishoni, ambao bahari yao na misitu yao ndiyo inayookolewa. Na kabla mkataba wowote haujaanza kazi, kulikuwa na karatasi moja ambayo ni lazima mkurugenzi aitie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya ridhaa. Ilisema kwamba wenyeji wameelezwa, wameelewa na wamekubali bila kushurutishwa na mtu. Pasipo sahihi hiyo, mradi wote ulikuwa maneno matupu.

Alizaliwa Mkomani, katika mji wa kale wa Amu, binti wa Abdulghafur fundi wa milango. Babake alifariki yeye akiwa darasa la saba, na mamake, Bi Barke, akamlea yeye na kaka yake kwa kushona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono. Alikuwa mtoto mwenye akili na mwenye ulimi, na kusema kweli ulimi ndio uliomfikisha mbali zaidi. Miaka ishirini na minne alikaa wizarani Nairobi, na karibu yote aliikaa kwa ugomvi. Wenzake wa bara walimtania kwamba mtu wa pwani hawezi kazi bila usingizi wa adhuhuri. Akawajibu kwa kukaa ofisini mpaka walinzi wakachoka naye. Nyumbani nako walisema ameshakuwa mtu wa bara. Akirudi Amu kwa Idi, wanawake walimkagua buibui lake kuanzia upindo hadi kola, wakitafuta Nairobi imemshika wapi.

Basi akazoea kuchukiwa. Kuna ubaya katika mazoea hayo, kwa sababu mtu akishazoea kuchukiwa hufikia mahali akadhani kila anayemchukia ndiye mwenye makosa. Alawiya alifika mahali hapo na akatandika mkeka.

Mradi uliomtia matatani ulikuwa wa Mkokoni, kijiji cha wavuvi kilichoko bara ng'ambo ya kisiwa cha Kiwayu. Wageni walitaka sehemu ya bahari hapo ifungwe, pasivuliwe kitu, samaki wapate kuzaana. Miaka miwili iliyopita Alawiya alikwenda mwenyewe kuwaelezea wavuvi. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wakali zaidi. Aliyeongoza kelele alikuwa Bwanamkuu, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mzee mwenye sauti ya kukwaruza na macho yasiyopepesa, ambaye tangu mwanzo wa mkutano alikuwa akimwita "huyu wa mjini" kana kwamba hayupo.

"Na Mwamba wa Nyuni je?" Bwanamkuu aliuliza. "Mtaufunga au hamtaufunga? Sema neno moya tuondoke."

Mwamba wa Nyuni ndio uliokuwa ukiwalisha. Bahari kuu ikichafuka, wanaume walizamia hapo kutafuta kambakoche, na maji yakitoka wanawake waliutembea kwa miguu wakichokoa pweza. Alawiya alijua hayo yote. Alikuwa amechoka, ametukanwa, na nguo zimemganda mgongoni. Akainua mkono wake mbele ya ukuta wa msikiti wao.

"Wallahi," akasema, "Mwamba wa Nyuni hautaguswa."

Mkutano ukatulia palepale. Hakuna aliyeomba karatasi wala mhuri. Binti wa Kiislamu wa Amu ameapa kwa Mungu, wangemdai nini tena? Walimletea maji ya madafu, na Bwanamkuu mwenyewe akamsindikiza mpaka kwenye boti, japo bila ya kumtazama.

Aliporudi Nairobi, wageni wakasema eneo halitoshi. Hektari zilikuwa chache, halikufikia kipimo cha mkataba wa kimataifa, na bila kipimo hapana mradi. Alawiya akafungua ramani kwenye kompyuta, akausogeza mstari wa mpaka kwa kidole kimoja. Mwamba wa Nyuni ukaingia ndani. Ilimchukua muda mdogo kuliko wa kunywa chai. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba samaki wataongezeka, kwamba miaka kumi baadaye watu wale wale watamshukuru, kwamba wao hawajui kusoma ramani na yeye anajua. Alijiambia mengi.

Ulipofika wakati wa mkutano wa pili, ule wa kuomba ridhaa na kuonyesha ramani mpya, alisema ana kazi nyingi, akamtuma naibu wake, Crispus.

Crispus alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Ila pwani ilimkera, joto lake na salamu zake zisizokwisha, na aliamini kwamba kila jambo lenye watu wengi na sauti kubwa likirekodiwa vizuri ni ushahidi. Alikaa Mkokoni siku mbili, akarudi akimeremeta.

"Madam, wamekubali," alisema. "Na nimeleta video. Utalia."

"Weka kwenye ripoti," Alawiya akamjibu, na hakuinua macho. Hakuuliza walisema nini juu ya mwamba. Video hiyo hakutaka kuitazama, na hakutaka kujiuliza kwa nini hataki.

Akaitazama mara ya kwanza pamoja na watu mia mbili, ukumbini, kwenye hoteli moja ya Nairobi, mbele ya wajumbe wa mkataba. Kando yake alikaa Emily, kiongozi wa wafadhili, mwanamke mpole mwenye nywele za mvi ambaye wiki mbili kabla alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna kiti ng'ambo, kwenye makao makuu, na jina la Alawiya ndilo la kwanza. Ijumaa karatasi ya ridhaa itiwe sahihi, basi kiti ni chake. Taa zikapunguzwa, na Crispus akabonyeza.

Wanaume kama hamsini walikuwa wameketi kwenye mikeka, mabega yamegusana. Katikati palikuwa na chetezo, na moshi wa ubani ulipanda mpaka ukaficha nyuso za mbele. Walikuwa wakisoma kwa pamoja, kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka, majina ya watu, jina baada ya jina, na kila jina likifuatwa na kuombewa radhi. Wajumbe wakaguna kwa kuridhika. Emily akaweka mkono kifuani.

Alawiya alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Kikamgonga meno.

Majina yale aliyajua. Mtoto gani wa Amu asiyeyajua? Ni majina ya watu wa Badri, masahaba waliopigana vita vya kwanza pamoja na Mtume, na yakisomwa kwa ubani ule na kwa kikao kile, hiyo si maulidi wala si dua ya mvua. Hiyo ni Halbadiri. Husomwa na watu waliodhulumiwa ambao hawana askari, hawana hakimu na hawana wakili. Humsomea aliyewadhulumu, wakamwacha na Mungu wake. Wako masheikh wasioipenda, na wako vijana wanaoicheka, lakini Alawiya alikuwa amewahi kuona, alipokuwa msichana, mwizi wa mashine ya kushona akiirudisha mwenyewe mchana kweupe, akilia, aliposikia tu kwamba itasomwa Ijumaa.

Kisha sauti zikanyamaza, na sauti moja iliyokwaruza ikabaki peke yake. Ilikuwa ya Bwanamkuu.

"Ya Rabbi, kwa jaha ya watu wa Badri, mtu alouza bahari yetu, mtu alotuapia kwa ina lako urongo, Alawiya binti Barke, tumemleta kwako. Mtwae utakavyo."

"Amin!" wakaitikia wanaume hamsini, na ukumbi wa hoteli ukatetemeka kwa vipaza sauti.

Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Crispus: Jamii yamwombea Mkurugenzi baraka.

Watu mia mbili walipiga makofi. Emily alikuwa akifuta macho. "Wamekutaja kwa jina," alimwambia, kwa Kiingereza chake cha upole. "Sijapata kuona ridhaa kama hii."

Na Alawiya, Mungu amsamehe, akatabasamu. Akapiga makofi pia.

Alimkamata Crispus watu walipotoka ukumbini kwa chakula, nyuma ya meza ya matunda.

"Nani aliyekuambia hiyo ni baraka?"

"Walisema amin, madam. Wote."

"Uliwaonyesha ramani?"

"Niliwaonyesha. Wakapiga kelele kidogo, si unajua watu wenu. Halafu mzee akasema wanipe jibu kesho yake. Nikaja. Akaniambia, 'Hili ndilo jawabu letu. Twaa picha, mpelekee bosi wako.' Sasa mtu akikupa jibu lake kwa maombi, na umati mzima uitikie amina, si amekubali? Kwetu kanisani hakuna kukubali kuzidi hapo."

"Walikuwa wakinilaani, Crispus. Umeonyesha dunia nzima watu wakinilaani, ukaandika chini yake ni baraka."

Crispus alikuwa na haya, lakini alikuwa pia na hasira ya mtu aliyetumwa mahali ambapo bosi wake aliogopa kwenda. "Basi ungeenda mwenyewe," alisema. "Hao ni watu wako. Sasa niwaambieje wageni? Tuwaambie ni laana?"

"Ufunge mdomo mpaka nirudi."

"Ijumaa, madam. Saa sita mchana. Ukikosa kutia sahihi, hawangoji."

Sasa, lililomtia Alawiya kwenye ndege kesho yake halikuwa mwamba, wala kiapo, ingawa lingekuwa hilo angekuwa mtu bora. Lilikuwa jina. Mambo kama haya humtaka mtu kwa jina lake na la mamake, kwa sababu baba aweza kubishaniwa lakini mama habishaniwi. Ndiyo maana nyumba za zamani za Amu hazitangazi majina ya mama zao. Mamake Alawiya alijulikana mtaani kwa jina la Mama Abdulwahid, yaani kwa kaka mkubwa wa Alawiya, na zaidi ya jamaa wa karibu hakuna aliyekuwa na haja ya kujua kwamba anaitwa Barke. Mvuvi wa Mkokoni angelijua vipi? Mtu wa nyumbani alilitoa. Mtu wa damu yake alikuwa amemchukua mamake, mwanamke wa miaka sabini na tisa, akamweka ndani ya Halbadiri ili ampate yeye. Kila alipolifikiri jambo hilo, moyo ulimchemka, na kuchemka huko kulimfaa, maana kulimzuia kufikiri mengine.

Hakuwa na shaka ni nani. Aliteremka kwenye uwanja wa ndege wa Manda, akavuka kwa boti mpaka Amu, akaenda moja kwa moja kwenye duka la Abdulwahid la rangi na misumari. Kaka yake alikuwa akimpimia mteja kamba. Alimaliza kupima, akakata, akamuaga mteja kwa utaratibu wote, ndipo akamgeukia dadake.

"Mama yuajua umekuya?"

"Sikupita nyumbani. Nimekuja kwako. Ulipata nini, Abdulwahid? Walikupa nini ukawapa jina la mama?"

Alimweleza yote, kwa sauti ambayo duka la pili waliisikia bila taabu. Abdulwahid hakushangaa kuhusu Halbadiri. Mji mzima ulikuwa na habari, ni yeye tu, mwenye ofisi ya madirisha saba, aliyekuwa hana. Alishangaa kuhusu jina.

"Mimi?" alisema. "Wewe ulipokataa kumuandikia mwanangu barua ya kazi, nilikuja Nairobi nikakuambia mbele ya wageni wako kwamba huna haya. Sivyo? Mimi nikikutaka ubaya hukwambia usoni. Sina haja ya kumpitia mama."

"Nani basi?"

"Nenda kawaulize walosoma. Na ukitoka huko usipite mbele ya duka langu. Wateja wa Kiwayu hawanunui kwangu mwezi wa pili sasa, kwa ajili yako."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilimuuma, na kwa sababu ilimuuma akaondoka bila kumuaga. Hakupita kwa mamake. Hakutaka mwanamke yule ajue kwamba jina lake limepigiwa kelele kwenye moshi wa ubani. Alikodi boti ya mashine ufuoni akaenda Mkokoni, safari ya saa mbili, akiwa ameushika mkoba wake wa karatasi kifuani maji yasiulowe.

Alipokanyaga mchanga wa Mkokoni alitoa salamu kamili, kwa herufi zake zote. Walimjibu kwa nusu. Kwa mgeni ni jambo dogo, lakini Alawiya alizaliwa huko na alijua kwamba salamu kamili ikijibiwa kwa nusu ni mlango umefungwa na komeo likasikika. Wanawake waliokuwa wakianika pweza kwenye kamba waliendelea kuanika. Bwanamkuu alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona nyavu, na karibu naye alisimama Sundus, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyochubuka kwa miamba, ambaye mara kwa mara huenda Amu kuuza mikeka na pweza mkavu.

"Nataka jambo moja tu," Alawiya alisema. "Nani amewapa jina la mama yangu?"

Bwanamkuu hakuacha kushona. "Umetoka Nairobi kwa ndege."

"Ndiyo."

"Ukapanda boti ya mashine."

"Ndiyo."

"Hukuya kuuliza mwamba. Hukuya kuuliza watu watakula nni. Umekuya kwa ina." Akageuka kwa mara ya kwanza akawatazama wale wanawake. "Mumesikia?"

Walikuwa wamesikia. Mmoja alitema mate kando, polepole, kwa heshima ya kutosha kumwachia Alawiya nafasi ya kujifanya hakuona.

"Itengueni," Alawiya alisema, na akajichukia kwa jinsi sauti yake ilivyopanda. "Mimi ni Mwislamu kama nyinyi. Hamna haki ya kunisomea."

"Hakuna wa kuitengua," alisema Bwanamkuu. "Si mbwa, useme tutamwita arudi. Tumepeleka mashtaka, basi. Kama hukudhulumu, yatakupita, usiku ulale usingizi wako. Waogopa nni, we binti, kama hukudhulumu?"

Akarudia swali lake kwa ukali zaidi, kama watu wa ofisini wafanyavyo. Sundus ndiye aliyechoka naye.

"Muulize alokuzaa," alisema. "Mimi hulala kwake nikienda Amu kuuza mikeka. Miaka tisa sasa. Wewe hukulijua hilo?"

Hakulijua. Miaka tisa mwanamke huyu alilala nyumbani kwao, na yeye hakuwahi kumuuliza mamake usiku huwa na nani.

Hakukumbuka boti ilivyorudi. Alifika Mkomani alasiri, watu wakitoka msikitini, na alipita katikati yao bila kumsalimia mtu.

Bi Barke alikuwa ameketi kwenye mkeka penye mwanga wa ua, miwani imefungwa kwa uzi, akishona kofia. Vidole vilikuwa vimepinda lakini mshono ulikuwa bado umenyooka. Alimwangalia bintiye aliyesimama mlangoni na vumbi la chumvi usoni, akamwonyesha mkeka kwa sindano.

"Keti. Waonekana una ndaa."

"Mama, uliwapa jina lako."

"Niliwapa."

Hakukana, hakujitetea, hata mshono hakuupoteza. Alawiya alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa uzee, kwa kudanganywa na Sundus. Kwa hili hakujiandaa. Aliketi.

"Umenitoa, Mama. Mwanao. Umenitoa kwa watu wanipige na majina ya Badri."

"Nani alokutoa?" Bi Barke akaweka kofia gotini. "Sundus alikuya usiku uleule walipoonyeshwa ramani, akaniambia umewaapia kwa Mngu mwamba wao hautaguswa, kisha umeutia ndani ya ramani. Nilimtukana. Nilimwambia mwanangu ana kiburi, hilo nalijua mimi kabla yako, lakini mwanangu hali yamini, haapi urongo. Huenda ni hao wa bara walofanya, na yeye hajui. Akaniambia, Mama Abdulwahid, kama una hakika tupe ina lako tumsomee. Akiwa hana kosa haitamgusa, nasi tutakuya kukutaka radhi." Alivua miwani. "Nilikuwa na hakika. Basi nikampa. Ningelikuwa na shaka, wadhani ningelimpa?"

Jirani alikuwa akitwanga kitu, akaacha. Alawiya aliona aibu iliyomshika mpaka shingoni, aibu ya kimwili, kama mtoto aliyejikojolea mbele ya watu. Wote waliomsomea walimdhania mwongo. Mtu mmoja tu chini ya jua alikuwa amesimama upande wake, na alisimama kwa jina lake zima, na yeye alikuwa amekuja kumgombeza.

"Hiyo karatasi yao," Bi Barke alisema. "Unayo?"

"Ninayo."

"Yasema nni?"

"Yasema watu wa Mkokoni wameelezwa, wameelewa na wamekubali. Ni lazima niitie sahihi kabla ya Ijumaa saa sita."

"Itoe basi uitie. Hapa, mbele yangu." Mwanamke yule alikuwa akisema bila hila yoyote; uso wake ulikuwa umechangamka, kama mtu aliyepata njia ya kumaliza ugomvi. "Utie sahihi yako, nimwambie Sundus mwanangu kaitia mbele ya macho yangu, na yuko mzima, hana homa wala kichwa hakimuumi. Waone haya wenyewe. Itie, mwanangu, tuwanyamazishe."

Alawiya alifungua mkoba. Karatasi haikulowa. Aliiweka juu ya mkeka, akatoa kalamu, akasoma maneno yale matatu ambayo aliwahi kuyatia sahihi kwa vijiji kumi na vinne vya nchi hii bila kuyasoma. Wameelezwa. Wameelewa. Wamekubali. Alilijua jibu lake la ofisini: ni kwa faida yao, hektari, kipimo, samaki. Alilitafuta lile jibu kama mtu anayepapasa swichi kwenye ukuta wa nyumba ya mwenzake. Alimwona mamake akimwangalia kwa imani, na mkono wake haukwenda.

Haikuwa hofu ya Halbadiri. Angependa iwe hofu; hofu ingeweza kutiwa dawa. Ilikuwa tu kwamba hakuweza kuuandika uongo ule huku mtu yule akimtazama.

Akaifunika kalamu.

Bi Barke aliitazama kalamu ile, kisha karatasi, kisha uso wa bintiye. Uchangamfu ulimtoka usoni kidogo kidogo, na hapo ndipo Alawiya alipoona kwamba mamake ni mzee.

"Kumbe," alisema Bi Barke.

"Mama..."

"Basi nimeyua."

Simu ikalia. Alikuwa Crispus, na Alawiya akaipokea hapohapo kwenye mkeka, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda.

"Madam, Emily anauliza kama imetiwa sahihi."

"Andika hawakukubali," Alawiya alisema. "Andika kwamba ile video ni watu waliodhulumiwa wakimshtaki mkurugenzi kwa Mungu. Na andika kwamba ramani niliisogeza mimi, nikijua, baada ya kuwaapia. Tia hilo la mwisho kwa jina langu."

Crispus akasema, bila hasira sasa, "Umejimaliza, madam."

"Andika."

Alipokata simu alimgeukia mamake. Hakutaraji kusifiwa, lakini hebu tuseme kweli, alitaraji kitu: mkono begani, hata kikombe cha maji. Bi Barke alikuwa ameshavaa miwani yake na kuichukua kofia, akitafuta mahali sindano ilipokuwa imeachia. Hakuinua macho.

"Bado kuna mwanga," alisema. "Boti zaenda. Nenda Mkokoni, ukaseme mbele yao kama ulivosema hapa. Ukimaliza, waombe wakurudishie ina langu nilolitoa kukudhamini, uniletee."